Programu ya kurudia jiografia iliyonilazimisha kuchagua jibu la uongo

Nianze na nyota: mbili. Zilikuwa nne, zikashuka hadi moja, usiku mmoja nikaongeza ya pili kwa sababu ya vimbunga, na sasa ninavyoandika mkono unaniwasha kuiondoa tena. Tutaona tukifika mwisho.

Ni programu ya simu ya kurudia masomo kabla ya mtihani. Nililipia jiografia, mada ya majanga ya asili: matetemeko, volkano, vimbunga. Ina kadi ngapi za maswali na inakula nafasi kiasi gani kwenye simu, hayo yameandikwa kwenye ukurasa wake, mtajisomea. Mimi nimekuja kwa ajili ya kadi moja tu.

Kadi yenyewe inasema tetemeko la Haiti la Januari 2010 lilikuwa na ukubwa wa 7.0, na la Chile la Februari mwaka huohuo 8.8. Kisha inauliza: la Chile lilitoa nishati kiasi gani ukilinganisha na la Haiti? Majibu ya kuchagua ni manne. Karibu robo zaidi. Mara mbili. Mara 18. Karibu mara 500. Nikabonyeza mara 500 bila hata kusita. Skrini ikawa nyekundu, simu ikanitetemekea mkononi (nadhani kuna mtu aliona huo ni ubunifu, simu kutetemeka kwenye somo la matetemeko), na chini pakajitokeza maelezo: “Si sahihi. 8.8 ÷ 7.0 = 1.26. Jibu ni karibu robo zaidi.”

Wamegawanya! Kuna mtu alikaa, akachukua kikokotoo, akagawanya 8.8 kwa 7.0, akaridhika, akaenda kulala. Ni sawa na kugawanya namba ya nyumba yako kwa namba ya nyumba ya jirani ili ujue nani ana vyumba vingi.

Kwa ambao hamjafika hapo kwenye somo: kipimo cha ukubwa wa tetemeko hakipandi kama rula. Ukipanda namba moja, tuseme kutoka 6 hadi 7, mtikisiko unaoandikwa na mashine unakuwa mkubwa mara 10, na nishati inayotoka ardhini inaongezeka karibu mara 32. Ukipanda namba mbili, nishati inafika mara 1,000. Kati ya 7.0 na 8.8 kuna hatua 1.8, na hesabu yake inatoka karibu mara 500. Hata wangeandika mara 63 ningewasamehe, maana hiyo ndiyo tofauti ya mtikisiko, na watu wengi huchanganya mtikisiko na nishati. Lakini robo?

Sasa, kosa la kadi moja mtu unaweza kulimeza. Lililonipandisha presha ni jinsi programu ilivyotengenezwa. Kadi uliyokosa hairuhusiwi kupotea. Inarudi baada ya dakika kadhaa, inarudi kesho yake, inarudi tena baadaye, na jaribio kubwa la mwisho halifunguki mpaka kadi zote ziwe kijani. Kwa kawaida huo ni utaratibu mzuri, tena ndio ulionivutia nikalipa. Lakini kwa kadi yenye jibu la uongo ni adhabu. Nilichagua mara 500 tena na tena, sijui mara ngapi, nikitumaini kwamba kuna mtu kule kwao anaona watu wanavyokataa jibu lake. Nyekundu. Nyekundu. Mfululizo wangu wa siku za kusoma bila kuruka ukafutwa. Mwishowe nikabonyeza “karibu robo zaidi”, huku nimekunja uso. Kijani! Vinyota vikarushwa kila kona ya skrini, na maandishi makubwa: “Hongera, sasa umeelewa.”

Na haikuishia hapo. Siku chache baadaye kadi ikarudi, kwa sababu programu inataka kuhakikisha kwamba nilichojifunza hakijanitoka. Yaani inakuja kukagua kama uongo wake umekaa vizuri kichwani mwangu.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Kwa adabu, nawaapia. Nikaweka picha ya skrini, nikaandika hesabu yote hatua kwa hatua, nikamaliza kwa kushukuru. Jibu likaja baada ya muda: “Ndugu mteja, maswali yetu yameandaliwa na wataalamu. Tafadhali rudia somo la matetemeko kisha ujaribu tena.” Nikapumua. Nikaandika tena kwamba somo lao lenyewe, ukurasa wa pili, linasema kila namba moja ni karibu mara 32 ya nishati, kwa hiyo kadi yao inapingana na somo lao. Hapo akajibu mtu, nadhani mtu kweli, maana mashine isingekuwa na kiburi kile: “Kama unajua kuliko programu, sielewi kwa nini umeilipia.”

Nililisoma lile jibu nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Ndugu yangu uliyeketi kwenye hilo dawati, nimelipia kwa sababu nina mtihani. Nimelipia ili nikumbushwe nilichosahau. Sikulipia nisahaulishwe ninachokijua.

Rafiki yangu tunayesoma naye ananiambia nakuza mambo, eti ni kadi moja kati ya mamia. Simlaumu, yeye hajaikuta. Lakini hiyo kadi ndiyo inayobeba swali ambalo watunga mitihani wa jiografia hawachoki kulitoa: kwa nini janga dogo linaweza kuua wengi kuliko kubwa? Haiti na Chile ndio mfano wa darasani wa swali hilo, kwa kuwa yalipishana wiki chache tu. Chile walikufa watu wapatao 525, na sehemu yao walichukuliwa na tsunami. Haiti makadirio yanapishana sana, kuanzia kama 100,000 hadi zaidi ya 300,000 waliotangazwa na serikali. Sasa mtu akiamini kwamba Chile ilizidi kwa robo tu, swali lote linapoa. Atasema basi, yalikaribiana, bahati mbaya tu. Akijua kwamba Chile ilipigwa na nishati karibu mara 500 na bado vifo vyake ni sehemu ndogo sana ya vile vya Haiti, hapo ndipo kalamu inaamka. Hapo ndipo unaandika kwamba chanzo cha tetemeko la Haiti kilikuwa kina cha kilomita 13 hivi tu, kilomita 25 hivi kutoka Port-au-Prince, mji uliojaa nyumba za zege zilizojengwa bila nondo za kutosha na bila mtu wa kusimamia kanuni za ujenzi. Unaandika kwamba bandari iliharibika, kwa hiyo misaada ikakwama, na kwamba Oktoba mwaka huohuo kikazuka kipindupindu. Upande wa pili unaandika kwamba la Chile lilianzia baharini, mbali kidogo na miji mikubwa, na kwamba nchi ile ilishajifunza kwa machungu: tetemeko la Valdivia la 1960, ukubwa wa 9.5, ndilo kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, na baada yake sheria za ujenzi zilikazwa. Hoja yote hiyo inasimama juu ya ile mara 500. Wao wameing’oa, wakaweka robo.

Kwa hasira nikaanza kukagua kadi zao moja moja, nikiwa na kitabu pembeni, nikitafuta makosa mengine niwaaibishe. Nepal, Aprili 2015, ukubwa wa 7.8, karibu watu 9,000 walikufa: sahihi. Japani, 11 Machi 2011, bamba la Pasifiki (kipande kikubwa cha ganda la dunia) kuzama chini ya lingine, tsunami, kinu cha nyuklia cha Fukushima: sahihi, na wameeleza vizuri kwamba wengi waliuawa na maji, si na nyumba kuanguka. Nilikesha na sikupata kosa lingine. Niseme ukweli, iliniudhi zaidi. Kama programu yote ingekuwa mbovu ningeifuta nikalala zangu.

Halafu kuna vimbunga. Hapa sina budi kuwa mkweli hata kama sitaki. Sehemu ya vimbunga ni kazi ya mtu anayelipenda somo lake. Wamekuchorea bahari, wewe unaweka kidole popote na kujaribu kuanzisha kimbunga. Ukikiweka juu ya ikweta hakizaliwi, mawingu yanatawanyika tu, na pembeni panatokea sentensi moja: chini ya kama digrii 5 za latitudo, nguvu ya Coriolis, ile inayotokana na dunia kujizungusha, ni dhaifu mno kuzungusha upepo. Ukisogea kaskazini kinaanza kuzunguka kinyume cha mwendo wa saa, ukivuka kusini kinazunguka kwa mwendo wa saa. Ukipunguza joto la bahari chini ya nyuzi 27 hivi, kinadhoofika mbele ya macho yako. Ukikisukuma nchi kavu, jicho linafumba na upepo unakatika kwa sababu hakinyonyi tena mvuke wa bahari. Nilikuwa nimekariri masharti hayo yote bila kuyaelewa. Kwa kidole changu niliyaelewa usiku mmoja, na sidhani kama nitayasahau.

Na mifano yao ya vimbunga wameichagua kwa akili. Haiyan, Ufilipino, Novemba 2013, zaidi ya watu 6,000, na wanakueleza kwamba kule Tacloban kilichoua zaidi ni bahari iliyosukumwa na upepo hadi mjini, ikawafuata watu mpaka kwenye vituo walikokimbilia. Idai, Machi 2019, Beira nchini Msumbiji, halafu mito ya Buzi na Pungwe ikafurika na kuzamisha nchi mbali na pwani. Bhola ya 1970, iliyoua watu wasiopungua 300,000 katika nchi ambayo leo ni Bangladesh, ikiwekwa bega kwa bega na Sidr ya 2007 palepale, ambapo waliokufa walihesabiwa kwa maelfu machache kwa sababu ya makao ya kujihifadhi na watu wa kujitolea waliopita kutangaza onyo. Hayo ndiyo majibu yanayoleta alama. Aliyeandika sehemu hii, popote ulipo, nakuheshimu. Ile nyota ya pili ni yako wewe binafsi.

Volkano sina la kusema. Picha nyingi, maneno machache. Nyiragongo ya Kongo, ile ya 2002, imepewa kadi moja, na hata hawasemi kwa nini lava yake inakimbia vile, kwamba ina madini ya silika kidogo kwa hiyo ni ya majimaji. Niliruka.

Basi nilikuwa tayari kumaliza hapa kwa upole. Lakini wiki iliyopita, au ile iliyotangulia, walitoa toleo jipya. Arifa ikasema: “Tumesikia maoni yenu, tumeboresha mada ya matetemeko.” Moyo ukanidunda. Nikapakua palepale, nikaenda moja kwa moja kwenye kadi ya Haiti na Chile, nikabonyeza mara 500. Nyekundu ileile. Mtetemo uleule. Tofauti ni kwamba maelezo ya 8.8 ÷ 7.0 wameyaondoa, kwa hiyo sasa huoni hata walipokosea, unaambiwa tu umekosa. Na kitufe cha kuripoti kosa, kilichokuwa chini ya kila kadi, hakipo tena.

Nyota moja. Mwandishi wa vimbunga anisamehe.