Spika ndefu za sebuleni Mombasa: KEF, Wharfedale, Klipsch au Sony?

Sebule nyingi za Mombasa hazina huruma na spika. Kuta ni mawe yaliyopigwa lipu laini, sakafu ni vigae, madirisha ni vioo, na dari mara nyingi ni zege tupu. Sauti ikitoka inagonga kila upande na kurudi karibu na nguvu zile zile. Ndiyo maana spika inayosifiwa Ulaya, kwenye chumba chenye zulia zito na kuta za bodi, ikifika Tudor au Bamburi huanza kuvuma besi na kuchoma masikio kwa sauti za juu. Spika haijaharibika. Chumba ndicho kinachosema.

Kwa hivyo pima chumba kabla ya kuuliza bei. Kwa joto letu la nyuzi 30, sauti husafiri mita 349 hivi kwa sekunde. Chukua urefu wa chumba, uzidishe kwa mbili, kisha ugawanye 349 kwa jibu hilo: utapata hezi (mitetemo ya sauti kwa sekunde) ambazo chumba kitazivimbisha. Mita 4 inatoa hezi 44, mita 5 inatoa 35. Chumba cha mita 4 kwa 4, kama vilivyo vingi kwenye fleti, kina taabu maradufu kwa sababu pande zake mbili zinavimbisha hezi zile zile. Humo wufa kubwa, yaani koni ya sauti za chini, hulifanya gitaa la besi lisikike kama mtu anayepiga pipa moja bila kupumzika. Besi haijaongezeka hapo, ni noti moja tu iliyomeza nyenzake.

Nyumba za Mji wa Kale zina hesabu yake. Vyumba vya kale ni virefu na vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti. Upana wa mita 2.7 unavimbisha hezi 65, ambazo ziko katikati ya sauti ya ngoma. Weka spika kwenye ukuta mfupi zikitazama urefu wa chumba, siyo kuvuka upana. Boriti za dari na kuta zisizonyooka hutawanya sauti vizuri kuliko dari bapa ya zege, na vyumba hivyo vikishawekwa samani husikika vizuri kuliko fleti nyingi mpya.

Kwa sebule ya kawaida, chaguo letu la kwanza ni KEF Q550. Ilitoka 2017 na mahali pake pamechukuliwa na mfululizo wa Q Meta tangu 2024, kwa hivyo utaipata kama mali iliyobaki dukani au mtumba safi. Kilichoipa nafasi ya kwanza ni kile KEF inachokiita Uni-Q, ambacho wamekuwa wakikiboresha tangu 1988: twita, yaani kitoa sauti kidogo cha sauti za juu, imekaa katikati kabisa ya koni ya sauti za kati, zote mbili zinatoa sauti kutoka nukta moja. Kwenye spika za kawaida twita iko juu na wufa iko chini yake, na sauti zao hukutana sawasawa kwa mtu ambaye masikio yake yako kwenye kimo cha twita, yaani aliyeketi kwenye kochi. Aliyeketi mkekani, masikio yako sentimita 20 au zaidi chini ya hapo, anasikia sauti za waimbaji zikififia kwa sababu twita na wufa zinakatana badala ya kuungana. Katika nyumba zetu nusu ya wasikilizaji wako chini na nusu wamezunguka kuta tatu kwa makochi. Q550 inawapa wote karibu sauti ile ile. Hili kwetu lina uzito kuliko wati zote zilizoandikwa kwenye kasha.

Jambo la pili ni kwamba haina tundu la hewa la kuongezea besi. Mbali na Uni-Q ina wufa moja ya sentimita 13, na koni nyingine mbili za ukubwa huo huo zisizo na koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni) wala sumaku. Zinasukumwa na hewa iliyo ndani ya kasha. Vumbi na chumvi haviingii, nyigu wa udongo hana pa kujenga, mende hana mlango. Pia unaweza kuisogeza hadi sentimita 25 za ukuta bila besi kuharibika sana.

Udhaifu wake uko kwenye nguvu. Usikivu, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa nguvu ile ile ya amplifaya, ni desibeli 87, na ukinzani hushuka hadi ohmu 3.7 ingawa kibandiko kinasema 8; ohmu zikipungua mzigo wa amplifaya huongezeka. Amplifaya au risiva ndogo ya bei rahisi itapata moto na kujizima. Na kwa anayetaka chakacha itikise kifua usiku wa harusi, Q550 haitamridhisha; ikilazimishwa, koni zake ndogo huanza kugonga mwisho wa mwendo wake na sauti huwa na mkwaruzo.

Wharfedale Diamond 12.3 ni ya 2020, na ndiyo tunayoipendekeza kwa asiyeweza au asiyetaka kufikia bei ya KEF. Ina wufa mbili za sentimita 13 zenye koni ya plastiki iliyochanganywa na madini ya maika, na usikivu wa desibeli 89. Haiko kali kwenye sauti za juu, na hiyo ni baraka kwenye vigae. Ijaribu kwa taarab: sauti ya kike inakuja na mwili wake, udi unasikika mti na uzi, dumbak haibebwi na mwangwi. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ndiyo tu inayopoteza kidogo ule mng'aro wa kila uzi ambao KEF huutoa wazi. Matundu yake yako nyuma, kwa hivyo iachie ukuta angalau sentimita 40. Ukikosa nafasi hiyo, ziba tundu kwa sponji laini. Besi itapungua na kunyooka.

Klipsch RP-8000F ni mnyama mwingine. Wufa mbili za inchi 8, twita ya titani ndani ya honi (mdomo unaopanuka kama wa tarumbeta), uzito unaozidi kilo 25 kwa kila moja, na usikivu ambao kiwanda kinauandika desibeli 98. Viwanda havipimi kwa njia moja, lakini hata ukitoa desibeli 4 inabaki yenye nguvu kuliko zote hapa. Honi inaelekeza sauti mbele na kupunguza inayogonga kuta za pembeni, jambo jema kwenye chumba kigumu. Hata hivyo sauti zake za juu ziko mbele kwa asili, na fidla ya taarab ikipanda, chumba kitupu kitakuumiza. Ni spika ya ukumbi mkubwa wa Nyali wenye mapazia mazito, mita 6 au zaidi kwa urefu, na sentimita 60 nyuma yake. Kwenye chumba cha mita 4 kwa 4 ni fedha iliyotupwa.

Sony SS-CS3 ni ya bajeti. Ohmu 6, desibeli 88, kilo 11.5. Inaimba vizuri kwa sauti ya wastani na kasha lake jepesi hutetemeka ukiongeza. Penye watoto wanaokimbia, izuie isianguke.

Kabla ya kulipa, sikiliza kwa haki. Spika inayolia zaidi huonekana bora hata kama tofauti ni desibeli moja tu. Kutoka KEF kwenda Klipsch bila kugusa amplifaya unaruka desibeli 7 au zaidi, na muuzaji anajua hilo. Tumia programu ya simu ya kupimia sauti, simu iwe mahali pale pale, sawazisha, ndipo uhukumu. Nenda na muziki unaoujua kwenye flashi. Sikiliza ukiwa umeketi, kisha ukiwa umechuchumaa.

Zile spika ndefu zenye taa za rangi na maikrofoni ya karaoke hazimo kwenye ulinganisho huu, ila neno moja: geuza nyuma usome kibao cha umeme. Kikisema inavuta wati 80 na kasha linasema PMPO 20,000 (wati za matangazo), mkweli ni kibao.

Kuhusu amplifaya, hesabu ni rahisi. Kila desibeli 3 za nyongeza zinadai wati maradufu, desibeli 10 zinadai mara 10. Kwa mtu aliyeketi mita 2.5, vilele vya desibeli 100 vinataka takriban wati 30 kwa kila upande kwenye Q550, na wati 6 au 7 tu kwenye Klipsch tukiihesabu desibeli 94. Nunua amplifaya ya wati 60 hadi 80 inayokubali ohmu 4, na iachie sentimita 10 za hewa juu yake. Twita nyingi huuawa na amplifaya ndogo iliyokamuliwa: ikifika mwisho wa nguvu zake hukata kilele cha wimbi, na ule mkato huzaa sauti za juu zinazokwenda kuichoma koili ya twita. Amplifaya ya mtumba kutoka Marekani isome kwanza. Ikiwa ni ya volti 120, stima yetu ya 240 itaiua papo hapo usipoweka transfoma ya kushusha. Hata iliyo ya 240, ichomeke kwenye kifaa cha kulinda dhidi ya kupanda na kushuka kwa stima.

Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 unatosha kabisa. Kwa mita 5, kwenda na kurudi, ukinzani wake ni ohmu 0.07 hivi. Hakikisha ni shaba: kwaruza uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe ndani ni alumini iliyopakwa. Na hapa pwani usiache shaba tupu kwenye terminali, pale waya unapofungwa. Upepo wa kusi unaleta chumvi hadi ndani, shaba inapata kutu ya kijani, na baada ya miezi upande mmoja huanza kukatika sauti ukadhani spika imekufa. Funga plagi za banana zilizopakwa dhahabu, zikaze vizuri, na uzifute kwa spiriti kila baada ya miezi 3.

Adui mkubwa wa spika ndefu hapa ni deki. Kasha ni MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshinikizwa, na MDF ikinyonya maji huvimba na haishuki tena. Sakafu inapigwa deki kila siku, maji yanatambaa chini ya kitako, na baada ya mwaka kona za chini zimefura na ngozi ya plastiki imebanduka. Inua spika kwa miguu yake au spaiki (miguu ya ncha kali), angalau sentimita 2 kutoka sakafuni. Spaiki hupasua vigae, kwa hivyo chini ya kila moja weka kisahani cha chuma; sarafu nzito pia inafaa. Zenye matundu, zifunike kwa kipande cha soksi nyembamba ya nailoni kuzuia nyigu.

Ukinunua mtumba, bonyeza kwa kidole ukingo unaoshika koni. Ukingo wa sponji huoza haraka kwa joto na unyevu wetu, ukiacha unga mweusi kidoleni. Wa mpira hudumu zaidi. Sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa: ikikwaruza, koili imepinda. Kisha gusisha betri ya volti 1.5, chanya kwenye terminali nyekundu, kwa sekunde moja tu. Wufa itoke nje. Ikirudi ndani, huenda kuna fundi aliyeifungua na kugeuza nyaya.

Ukifika nyumbani anza na pembetatu: kati ya spika mbili pawe sawa na umbali wa kila moja hadi kochini, zikikutazama kidogo. Zisogeze sentimita 5 kwa 5 kutoka ukutani hadi besi iache kuvuma. Mkeka wa ukili hausaidii sana, ni mwembamba. Zulia zito mbele ya spika na pazia nene kwenye madirisha ndivyo vinavyofanya kazi. Ukishapata mahali pake, bandika utepe kwenye vigae kwenye kona za kila kitako, ili anayepiga deki akizisogeza azirudishe pale pale.