Mrejesho: foleni ya iPhone 17 pale Dubai Mall siku inatoka

Wakuu salaam. Kwa wanaoniuliza kama ile foleni ya siku ya kwanza inalipa, jibu fupi ni kwamba inalipa kwa mwenye oda yake tayari, asiye na oda anachosha miguu tu. Jibu refu ndio hili hapa, na naomba mlisome mpaka mwisho maana kuna mambo ya hela humu ndani na ndugu zetu wengi wa Dar na Mombasa wanatuma pesa huku bila kujua wanaletewa nini.

Mimi niko Dubai kikazi na safari hii nilikuwa namchukulia shemeji yangu iPhone 17 Pro Max. Oda zilifunguliwa Ijumaa ya tarehe 12 Septemba 2025 saa kumi jioni kwa saa za huku, na kazi yote iko pale, sio mlangoni, maana ukichelewa dakika chache tu unakuta nafasi za kuchukulia dukani siku ya kwanza zimeisha na tarehe ya kuletewa imesogezwa mbele wiki kadhaa, hasa ile rangi ya chungwa ambayo kila mtu aliitaka. Nikalipia, 256GB ilikuwa dirham 5,099 kodi ikiwa ndani, kama dola 1,390 hivi, nikapewa namba ya oda na muda wangu wa kufika.

Siku yenyewe, Ijumaa ya tarehe 19, nilipanda metro ya alfajiri ile inayoanza saa kumi na moja, nikashukia kituo cha Burj Khalifa, pale kuna lile daraja refu lenye kiyoyozi linalokupeleka mpaka mall, na watu walikuwa wanatembea mwendo wa kukimbilia treni wakati ndio kwanza wameshuka. Duka la Apple, wenyewe wanaotengeneza iPhone, linafunguliwa saa mbili asubuhi siku hiyo. Nilikuta umati mkubwa, Wahindi, Wafilipino, Warusi, Waarabu, na Waswahili hatukukosa, nilisikia Kiswahili sehemu tatu tofauti kabla sijafika mbele. Walinzi wanatenganisha: wenye oda upande huu, wasio na oda upande ule, na upande ule ulikuwa hausogei kabisa. Kuna kijana wa Kampala alikuwa amekesha pale, macho mekundu, ananiambia "kaka waliniambia ukiwahi tu unapata", nikamwonea huruma kweli maana kwa siku ya kwanza kuwahi peke yake hakusaidii, mzigo uliopo unakuwa na wenyewe tayari.

Kwa upande wetu huduma ilikuwa safi sana na nasema hivi kwa moyo mmoja. Unaonyesha ile QR kwenye simu yako na kitambulisho, wanalinganisha jina, mtu mmoja anakuchukua na anabaki na wewe mpaka mwisho, haupasiwi huku na kule. Boksi linakuja halina nailoni, nyuma kuna vipande viwili vya karatasi, unavuta kimoja kinachanika taratibu, unavuta cha pili, kifuniko kinapanda. Ushauri wangu fungua palepale, washa, piga picha, jaribu spika, angalia kioo kwenye mwanga, kama kuna tatizo linaisha ukiwa bado umesimama mbele ya aliyekuuzia.

Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe. Meza ya pembeni alikuwepo mzee mmoja kutoka Muscat, anaongea Kiunguja kile chenyewe, nikamwamkia shikamoo akaitikia kwa furaha, halafu akanipa simu yake mpya mkononi. Alikuwa ameizungusha weee, amepapasa ubavu wa kushoto, wa kulia, chini.

"Mwanangu hebu nitazamie, kadi naitia wapi?"

"Haina tundu mzee wangu. Laini inaingia kwa intaneti."

"Sasa na namba yangu ya miaka yote?"

Kijana wa dukani akamweleza vizuri kwamba namba haipotei, kampuni yake ya simu inaihamishia ndani ya simu basi. Lakini ile sura ya mzee ndio nataka muione nyinyi mnaoagiza. iPhone 17, 17 Pro na 17 Pro Max zinazouzwa Emirates, Saudia, Oman, Qatar, Kuwait na Bahrain ni za eSIM tupu, yaani laini iliyo ndani ya simu yenyewe, sawa na za Marekani, hazina sehemu ya kadi. Kwenye Pro na Pro Max wametumia ile nafasi kuongeza betri, Pro Max ya huku ina mAh 5,088 na yenye tundu ina 4,823, kwa hiyo kwa hizo sio kwamba umepunjwa, chaji inakaa zaidi. Ila maisha yetu tunayajua, simu ikiisha chaji au kioo kikipasuka unachomoa laini unatia kwenye kitochi, M-Pesa yako inaendelea na biashara haisimami. Kwa hii hauchomoi kitu. Voda na Safaricom wana eSIM, hilo lipo, lakini ukitaka kuirudisha namba kwenye kadi jiandae kwenda kwa wakala au dukani na kitambulisho chako, Bongo na vidole juu. Kama uko Dar mjini sawa, kama uko kijijini mbali na duka lao fikiria mara mbili kabla hujatuma hela. Anayetaka yenye tundu atafute ya Uingereza au Ulaya, isipokuwa iPhone Air, hiyo haina tundu dunia nzima.

Nje sasa. Ukitoka na kile kifuko tu wanakufuata jamaa, "bro, orange? cash now", wanakupa cha juu hapohapo, na wengine wenyewe ndio wanauza kwa waliokosa. Wengi wa wale hawaendi kuitumia, mzigo unaondoka kwenda nchi nyingine siku ileile. Sikuuza, ya watu hiyo. Lakini kinachoniuma ni mgeni aliyekuja na visa ya siku chache ananunua pale nje kwa bei ya kuruka, risiti haina jina lake, ile VAT ya asilimia 5 ambayo watalii wanaombea sehemu yake airport haipati, na simu ikimsumbua hajui arudi kwa nani. Ndugu yangu kama huna haraka ya kufa na kupona subiri, wiki chache tu cha juu kinaanza kuyeyuka.

Na sio jambo jipya. iPhone ya kwanza kabisa ilipotoka Marekani tarehe 29 Juni 2007 watu walilala nje ya maduka, ya 8GB ilikuwa dola 599, Septemba ileile wakaishusha mpaka 399, waliopanga foleni wakaja juu mpaka Steve Jobs, bosi wa Apple wakati huo, akaandika barua ya kuomba radhi na wakapewa dola 100 za kununulia vitu dukani. Wale walipata wa kumdai. Uliyemlipa cha juu mlangoni hakuandikii barua.

Mwakani nikiwa bado huku nitakwenda tena, kwa oda. Na shemeji yangu simu ameshaipokea, laini alihamisha siku ya pili kwenye duka la mtandao wake, anasema kamera ya usiku ni moto na chaji inamfikisha kesho yake. Wanaotaka niwachukulie niambieni kwanza mtandao mnaotumia na mnaishi wapi, kabla ya kuniambia rangi.