Kipima pawasaplai chenye kioo: kinachokiona na kisichokiona

Kompyuta ya mezani ikigoma kuwaka, au feni zikizunguka sekunde mbili kisha ikajizima, wengi hukimbilia kuchomoa na kusafisha ram. Kipima pawasaplai, kijisanduku hiki kidogo chenye kioo cha namba, kinakujulisha kwanza kama umeme wenyewe unafika kutoka kwenye pawasaplai, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, na kwa kazi hiyo ni kizuri kweli.

Chomoa waya wa ukutani, toa plagi ya pini 24 kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), ichomeke kwenye kipima pamoja na ile ya prosesa ya pini 4 au 8. Rudisha umeme, kipima chenyewe kitaiamsha pawasaplai na namba zitatokea. Laini ya volti 12 isome kati ya 11.4 na 12.6, ya 5 kati ya 4.75 na 5.25, ya 3.3 kati ya 3.14 na 3.47. Usiipite 5VSB, zile volti 5 zinazobaki hata mashine ikiwa imezimwa: zikikosekana, kitufe cha kuwashia hakiamshi kitu. Halafu PG (Power Good), ishara ya pawasaplai kwamba umeme umetulia: muda inaochukua kufika husomwa kwa milisekunde, uwe kati ya 100 na 500. Prosesa haianzi kazi mpaka ishara hiyo ifike, ndiyo maana feni zinaweza kuzunguka na skrini ikabaki nyeusi. Maltimita ya kawaida haikupi muda huo. Hapa kifaa kinarudisha pesa yake.

Kasoro yake kubwa ni kwamba kinaipima pawasaplai kwa mzigo mdogo. Pawasaplai yenye kapasita (vijipipa vya kuhifadhi chaji) zilizovimba inaweza kusoma 12.1 safi kabisa, kisha ikaporomoka prosesa na kadi ya picha zikianza kuvuta umeme. Mashine inayozimika Windows ikianza kufunguka, usiridhike na kioo. Funga pawasaplai nyingine nzima ulinganishe.

Halafu kuna kompyuta za mitumba zilizotoka maofisini. Dell OptiPlex 7020 na 9020 zina plagi kuu ya pini 8, HP EliteDesk 800 G1 ya pini 6. Plagi hizo haziingii kwenye kipima, na tafadhali usilazimishe. Kwa hizo Dell huna haja ya kipima: nyuma ya pawasaplai kuna kitufe kidogo na taa pembeni yake. Kibonyeze waya wa umeme ukiwa umechomekwa. Kijani kisipowaka, toa plagi zote za ndani ubonyeze tena. Kikiwaka sasa, kuna kitu upande wa mazabodi au diski kinachopiga shoti.

Kwa anayefungua mashine za pini 24 kila wiki, kinafaa kununuliwa. Kwa mwenye OptiPlex moja nyumbani, hapana.