Kichwa cha treni cha mtumba chenye sauti: miezi mitano nacho Kampala

Nianze na aibu yangu. Kichwa cha treni ndogo ya modeli nilichokisubiri miezi mingi kilipofika, nilikaa nacho siku tatu nikiamini nimeuziwa kibovu. Nusu ya ujumbe wa kumshambulia muuzaji ilikuwa tayari imeandikwa. Kumbe sauti ya injini ilikuwa haijawashwa tu.

Ni kichwa cha dizeli cha Kimarekani, saizi ya HO, yaani kipimo cha moja kwa 87, kinachopita kwenye reli za upana wa milimita 16.5. Ndani kina dikoda ya LokSound, yaani kijisakiti kinachopokea amri na kutoa sauti, na spika ndogo. Mtu wa reli ataniuliza kwa nini sikutafuta kinachofanana na vya kwetu. Reli yetu ya zamani ni ya mita moja. Igawe kwa 87 utapata milimita 11 na nusu hivi, na njia ndogo za milimita 12 zinazouzwa zimewalenga zaidi wapenzi wa treni za milimani za Uswisi. Basi nikachukua cha Marekani. Baba, aliyeanza kazi enzi za East African Railways kabla haijavunjika mwaka 1977, akakipima kwa mkono, akauliza, "Sasa hiki kinavuta nini?" Sikuwa na behewa hata moja.

Siku ya kwanza nilikiweka kwenye reli, nikachagua anwani 3, yaani namba ambayo kichwa huitikia, na ndiyo anwani ya dikoda mpya karibu zote. Kimya. Sikuiwaza haraka kwamba hiki si kipya. Mwenyewe wa kwanza alikuwa amekipa anwani yake, na Wamarekani wengi hutumia namba iliyochorwa ubavuni. Nilipoingiza namba hiyo ya tarakimu nne, taa ikawaka na magurudumu yakazunguka. Sauti, hakuna. Hapo ndipo nilipopoteza siku mbili nikifungua na kufunga skrubu, mpaka mpwa wangu wa miaka kumi na moja alipoanza kubonyeza vitufe ovyo na kufika F8. Injini ikakohoa, ikaguruma, nyumba nzima ikaja kuona. Kwenye vichwa vingi vya dizeli vya aina hii F8 ndiyo inayowasha au kuzima sauti ya injini. Kabla hujashika bisibisi, bonyeza F8. Kama umechanganyikiwa kabisa, andika thamani 8 kwenye CV8 (CV ni nafasi za mipangilio ndani ya dikoda): LokSound na dikoda nyingine nyingi zitarudi zilivyotoka kiwandani, na anwani itakuwa 3 tena.

Usishangae kontrola ya bei nafuu, kile kifaa cha kuendeshea treni, ikikataa kusoma CV kwenye kipande cha reli kilichotengwa kwa kuweka mipangilio. Dikoda za sauti hunyonya umeme mwingi kidogo pale zinapoamka, na kontrola dhaifu hudhani kuna shoti. Mimi huandika thamani moja kwa moja kwenye njia kuu bila kusoma, na inakubali.

Tatizo la pili lilikuja na kiangazi. Kichwa kinatembea vizuri, halafu sauti inakatika nusu sekunde na kuanza upya kabisa: kikohozi cha kuwasha, kimya, kikohozi tena. Nilidhani dikoda inakufa. Lakini mota haina habari na mkatiko mdogo hivyo, msukumo wake wenyewe unaivusha. Sauti ndiyo inayokuumbua, kwa sababu dikoda ikikosa umeme kidogo inajisahau na kuanza mwanzo. Chumba changu kinatazama barabara ya vumbi jekundu. Kila boda ikipita, sehemu ya vumbi hilo inaingia dirishani na kulala juu ya reli.

Dawa ni hii. Chukua tishu, iloweshe spiriti ya isopropili ya duka la dawa, itandaze juu ya reli zote mbili. Weka magurudumu ya mbele juu ya tishu na ya nyuma kwenye reli tupu ili yapate umeme, shika kichwa kwa mkono mmoja, kisha fungua mwendo. Magurudumu ya mbele yanajisugua yenyewe. Mara ya kwanza yaliacha michirizi myeusi kama wino, nikaona haya. Geuza kichwa, rudia nyuma. Usitumie msasa: mikwaruzo inakuwa vitanda vya uchafu. Jirani alipendekeza waragi, pombe kali ya hapa. Ile ni asilimia 40 tu, nyingine ni maji, na kuna watu wenye matumizi nayo.

Bado palikuwa na sehemu moja, kwenye kona mbali na kontrola, ambapo kilikuwa kinasitasita hata baada ya kusafisha. Kipimo chake hakina gharama: laza sarafu ya shilingi 500 juu ya reli zote mbili. Kontrola inapaswa kukata umeme papo hapo. Mahali ambapo haikati, nyaya zako ni nyembamba au maungio yamelegea, na siku moja shoti itayeyusha kitu. Kwenye ile kona sarafu ilikaa kwa starehe. Nikaunga waya mnene chini ya meza, kila kipande cha reli na waya wake, na mchezo ukaisha.

Kisha spika. Mwezi wa tatu Baba alikuwa ameketi na chai yake, akainua kichwa: "Silinda moja imekufa." Nilicheka, lakini kweli mngurumo wa chini ulikuwa unakwaruza. Nilipofungua nikakuta ngozi ya spika imechanika ukingoni.

Kuagiza nyingine ng'ambo ingekuwa wiki kadhaa. Nikaipeleka kwa fundi wa simu mjini. "Ssebo, hii ni ya simu gani?" Nikamwambia ya treni. Akanitazama, akatafuta kwenye kopo lake, akatoa spika ya simu ya milimita 11 kwa 15, ohmu 8, sawasawa na iliyokufa. Shilingi 15,000, kulehemu ndani yake. Kuwa makini hapo na ohmu: dikoda za zamani za LokSound 3.5 zilitaka spika za ohmu 100, ukizipa ya 8 unaziunguza.

Alipoijaribu ikiwa tupu mezani ililia kama mbu. Nikasononeka. Fundi akaibonyeza ndani ya kifuniko cha chupa, mngurumo ukarudi. Hewa ya mbele na ya nyuma ya spika zikikutana zinauana; lazima nyuma pafungwe. Nyumbani nikaitengenezea kijisanduku cha plastiki na gundi, nikaziba kila upenyo, nikashusha CV63, ambayo ni sauti kuu, ili nisiipasue na hii.

Nikipe nyota nne. Sauti ya honi ni ya kweli kiasi kwamba paka wa jirani hajarudi. Nyota moja nimeinyima kwa sababu hakikuja na kapasita ya kuhifadhi umeme, ile inayoibeba dikoda pale gurudumu linapokosa reli kwa sekunde moja. Nimeshapata nafasi ya kuiweka, juu ya tangi la mafuta, na nimeiagiza. Mpaka ifike, kila jioni napitisha kitambaa juu ya reli kabla ya kuwasha, na Baba ananisubiri niimalize ile kona kwa sababu honi ya kivukoni, pale barabara inapokata reli, anaipiga yeye.