Ladha ya Ajabu, Mkono wa Birika: Usiku Wangu na DJ wa House Jijini Nairobi

Naanza na karatasi ya kaki, kwa sababu ndiyo iliyoniharibia usiku ambao ungeweza kuwa bora kuliko wote niliowahi kulipia kiingilio Westlands. DJ huyu, ambaye sitamtaja jina, hubandika vipande vya kaki katikati ya sahani zake za santuri, pale ambapo jina la wimbo na la mwenye wimbo huchapishwa, kisha huzitia katika majalada meupe yasiyo na maandishi, ili yeyote atakayechungulia mezani asijue kinachopigwa ni nini. Niliyaona hayo kwa macho yangu, nikiwa hatua mbili tu kutoka kwenye mashine zake.

Hata hivyo sina budi kusema kweli: masikio ya mtu huyu si ya kawaida. Jijini hapa, DJ akitangazwa kuwa ni wa house, yaani ule muziki wa dansi uliozaliwa Chicago, Marekani, tumeshazoea kwamba saa sita ya usiku haitapita kabla hajakimbilia amapiano, tena zile zile zinazotuchosha kwenye matatu mchana kutwa. Siichukii amapiano, na Afrika Kusini imetupa house nyingi nzuri kiasi kwamba DJ wao Black Coffee alipotwaa Grammy mwaka 2022 tulishangilia kana kwamba ametoka kwetu. Ila nimechoka kulipia kitu kimoja na kupewa kingine. Huyu hakutufanyia hivyo. Alianza polepole na disko ya Philadelphia ya miaka ya 1970, akaingia Chicago ya miaka ya 1980, kwa vijana waliotengeneza muziki kwa mashine za ngoma walizozinunua kwa bei ya mtumba, kisha akavuka hadi kwenye ile house ya New Jersey yenye vinanda na sauti za kanisani, ambayo DJ Tony Humphries aliikuza katika kilabu cha mjini Newark kilichoitwa Zanzibar. (Naam, Zanzibar, bila karafuu.)

Kilichonikosha zaidi ni subira yake. Sahani nyingi za house huachiwa ngoma tupu mwanzoni na mwishoni, makusudi, ili DJ apate nafasi ya kuziunganisha, na wavivu huiruka nafasi hiyo wakakimbilia kiitikio. Yeye aliiacha ipite yote. Mkono wa kushoto ulikuwa ukipunguza besi ya sahani inayotoka, kidogo kidogo, huku kidole cha mkono wa kulia kikigusa ukingo wa sahani inayoingia, na kwa muda mrefu ngoma mbili zilikwenda pamoja, matoazi ya moja yakijaza mapengo ya nyingine, hata ukashindwa kusema wimbo wa kwanza umeishia wapi.

Mnamo saa tisa hivi, au pengine ilikuwa imeshakaribia saa kumi, alipiga sahani ambayo mpaka leo sijaitoa kichwani. Besi yake ililia kama ile ya Roland TB-303, mashine iliyoundwa ishike nafasi ya mpiga gitaa la besi, ikadoda sokoni, mpaka vijana wa Chicago walipoikorogea vidhibiti vyake na kupata mlio ambao waliounda hawakuuwazia. Juu ya besi hiyo palikuwa na kinanda, na mwanamke aliyekuwa akirudia neno moja ambalo sikulishika. Nikainua simu, nikafungua programu ya kutambua nyimbo. Ikatafuta, ikatafuta, ikashindwa, yamkini kwa sababu alikuwa ameisogeza kasi ya mashine, jambo ambalo kwenye mashine ya santuri ya Technics SL-1200 hufanywa kwa kusukuma kidude kimoja tu.

Nilingoja amalize kuunganisha, maana DJ hasemeshwi akiwa na kipokea sauti sikioni. Alipokivua nikasogea, nikamwuliza kwa adabu zote, "Kaka, samahani, hii ni ya nani?"

Hakunitazama. "Bosi, hapa si maktaba," alinijibu, akaifumbata sahani kifuani kama mwanafunzi anayeficha majibu ya mtihani, akaitia katika jalada lake jeupe, na kijana anayembebea masanduku akanimulika tochi usoni, kana kwamba nimekuja kuiba.

Utetezi wake naujua. DJ Kool Herc, mmoja wa waasisi wa hip-hop, kule Bronx, New York, aliziloweka sahani zake na kuzibandua lebo, na ma-DJ wa Uingereza waliokuwa wakipiga soul ya Marekani walizipa sahani zao majina ya uongo ili washindani wasizipate. Haya, mshindani afichwe. Mimi nina mashine moja ya santuri sebuleni na sahani chache nilizozipata kwa kupekuapekua Kenyatta Market, nyingi zikiwa za benga na rumba. Nitamnyang'anya kazi gani? Isitoshe, house yenyewe ilikuzwa na watu waliouliza. Frankie Knuckles alipokuwa akipiga katika kilabu cha Warehouse, Chicago, tangu mwaka 1977, wacheza dansi walikuwa wakienda kwenye duka la Importes Etc. kuulizia sahani walizozisikia huko, mpaka duka likawa linazitambulisha kwa kibandiko kwamba ndizo zipigwazo Warehouse. Knuckles angalibandika kaki, duka lile lingaliuza nini?

Na kadiri ninavyoandika ndivyo hasira inavyonipanda, kwa sababu namfikiria yule mwanamke wa kwenye sahani. Muziki huu umekwisha kuwadhulumu waimbaji wake vya kutosha. Martha Wash aliimba nyimbo zilizotikisa dunia, video zikaonyesha wasichana wengine wakifumbua midomo kwa sauti yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilimbidi aende mahakamani ili jina lake lipate kuandikwa. Leo DJ wa Nairobi analifunika kwa kaki jina la mwimbaji mwingine, halafu jina lake yeye mwenyewe linachapishwa kwenye bango la rangi tatu getini!

Nilikuwa nimeamua nyota moja. Lakini naukumbuka ule muunganiko wa disko na Chicago, watu wakipiga kelele kabla hata besi haijarudi, na nalazimika kukiri kwamba sijasikia DJ mwenye kuchagua sahani namna ile katika jiji hili. Basi nyota tatu. Kwa ladha pekee ningempa tano, na kwa jibu lile ningemnyima zote, kwa hiyo hata hizo tatu nazitoa kwa shingo upande. Atakayekwenda avae viatu vya kuchezea, akae mbali na meza ya DJ na asithubutu kuuliza kitu. Na kama kuna msomaji anayeitambua sahani yenye kinanda, besi inayolia, mwanamke mwenye neno moja, na mahali karibu na katikati ambapo ngoma inakatika kabisa na matoazi yanabaki peke yake, naomba aniandikie jina lake na la mwimbaji.