Kikokotoo cha Kutengenezea Gemu: Kabla ya Kulipa, Uliza Kama Kinasikia Vidole

Nyoka wa gemu yangu ya kwanza ya kikokotoo alikuwa na adabu kupita kiasi. Kila hatua alisimama, akatoa alama ya kuuliza, akangoja nimwandikie 4 aende kushoto au 6 aende kulia, kisha nithibitishe. Ndipo anasogea kidogo, anasimama tena. Muuzaji alikuwa ameniapia: "Hii kalkuleta inaprogramika, dada, hata gemu unaweka." Kweli inaprogramika. Ila lugha yake haina amri ya kusoma kitufe huku programu ikiendelea. Chapa yake sitaitaja.

Tangu hapo rangi na wingi wa pikseli havinibabaishi. Nauliza jambo moja, ambalo sijaliona kwenye boksi lolote: je, programu niliyoandika mwenyewe inaweza kujua kwamba kidole kimeshikilia mshale wa kushoto sasa hivi, bila kusimama kuniuliza?

Kwa kipimo hicho namba moja ni NumWorks, na mapenzi yangu kwake siyafichi. Ni ya Wafaransa, iliingia sokoni 2017, na unaandika kwa lugha ya programu ya Python. Ukiita moduli (fungu la amri) ya ion kisha ukaandika keydown(KEY_LEFT), unajibiwa ndiyo au hapana papo hapo. Waweza kuuliza vitufe viwili kwa mpigo, kwa hiyo ndege yako inakwepa huku inapiga risasi. Kuchora nako, fill_rect ya moduli ya kandinsky inakupa mstatili kwa mstari mmoja tu. Programu unaiandika kwenye kivinjari cha kompyuta, unachomeka waya, imeingia. Na tovuti yao ina kikokotoo cha kuigiza, bure, ukijaribu kabla hujatoa hata senti. Kasoro yake iko mgongoni: kitundu cha reseti. Kichokoe kwa ncha ya kalamu uone programu zako zinavyofutika. Weka nakala.

Ya pili ni TI-84 Plus CE. Hapa amri ni getKey, nayo inakurudishia namba: 24 kushoto, 25 juu, 26 kulia, 34 chini. Namba hizo hazikuokotwa. Tarakimu ya mwisho ni nafasi ya kitufe kwenye safu yake, zinazotangulia ni safu yenyewe ukihesabu kutoka juu. Ndiyo maana ENTER, safu ya 10 nafasi ya 5, ni 105. Lakini getKey inakumbuka kitufe cha mwisho tu, na ukishikilia bila kuachia, ni mishale na DEL pekee vinavyojirudia. Nyoka anaweza kuishi hivyo, gemu ya ngumi haiwezi. Tena TI-BASIC, lugha yake ya programu, ni kobe kwenye skrini ya grafu, ndiyo maana wengi hupanga gemu zao kwa herufi kwenye skrini ya kawaida kwa amri ya Output(, mistari 10 ya herufi 26. Ukinunua iliyotumika, uliza toleo la mfumo wake: kuanzia 2020 Texas Instruments waliondoa ruhusa ya kuendesha programu za C na asembli, lugha zenye kasi zaidi, kwenye matoleo mapya.

HP Prime naiweka ya tatu. Ina ISKEYDOWN, ina kioo cha kugusa, ina kasi. Lugha yake ndiyo siipendi, basi.

Casio fx-CG50 ndiyo inayonitia hasira, kwa sababu neno Python linawanunulisha watu. Python yake inachora pikseli kupitia casioplot, lakini haina amri ya kusoma kitufe. Unabaki na input(), inayosimama kungoja uandike, na yule nyoka wangu mwenye adabu. Wakati huohuo BASIC ya Casio, ndani ya mashine ileile, ina Getkey nzuri tu! Ukikubali kuandika BASIC, utafaidi: mashine inafunguka kwenye kompyuta kama fleshi, na inatumia betri nne za AAA.

Za bei ya chini? TI-83 Plus ya mtumba. Haina rangi, ila getKey ipo.

Sasa bei. Zaidi ya dola 100 kwa TI-84 Plus CE yenye prosesa ya megahezi 48 na kumbukumbu ya kilobaiti 154! Simu ya nusu ya hela hiyo inaiacha mbali. Na kwenye mitihani ya NECTA huingii na kikokotoo kinachopokea programu, kwa hiyo ni hela ya raha zako mwenyewe. Wauzaji wanajua hatuna pa kulinganisha. Ndiyo maana siku hizi nikiona TI ya mtumba naomba niiwashe, naandika mistari mitatu:

While 1
Disp getKey
End

Sifuri zinaanza kumiminika, maana hakuna kitufe kilichobonyezwa. Bonyeza mshale wa kushoto, 24 inapita katikati yake. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo muuzaji alichungulia kioo, akaipokonya mikononi mwangu. "Dada, umeshaiharibu. Sasa inatoa sifuri tu."