Kozi ya Kuchambua Hotuba za Ushawishi: Imara kwa Maandishi, Dhaifu kwa Sauti

Kozi hii ya mtandaoni inalenga kumfundisha mwanafunzi kuchambua na kuhakiki hotuba za ushawishi, na kwa sehemu kubwa inafanikiwa, ingawa si pale inapojisifia zaidi. Matangazo yake yanatukuza nguzo tatu za ushawishi za Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, yaani sifa ya msemaji, hisia za hadhira na mantiki ya hoja. Masomo yanayozieleza ni ya kawaida, na aliyewahi kusoma fasihi atayapitia haraka.

Utamu unaanzia kwenye hotuba aliyoitoa Nelson Mandela mahakamani Pretoria tarehe 20 Aprili 1964. Mkufunzi haulizi ni tamathali zipi zimetumika; anauliza kwa nini mshtakiwa anayekabiliwa na uwezekano wa kunyongwa anakiri mapema kabisa kwamba alipanga hujuma. Jibu hujitokeza polepole: anayekubali lililo zito bila kubanwa huaminika zaidi anapokanusha mengine, na tangu hapo swali la msikilizaji si tena kama alitenda, bali ni nini kilichomfikisha huko.

Kinachofuata ndicho kilichonivutia zaidi. Kabla ya kukosoa hotuba yoyote, mwanafunzi hutakiwa kuifupisha hoja ya msemaji kwa namna ambayo hata mfuasi wake angeikubali, na muhtasari wenye kejeli hurudishwa. Katika kusahihisha, neno kama “inagusa” halipiti bila kuulizwa: inamgusa nani, na kwa kifungu kipi?

Udhaifu mkubwa ni sauti. Hotuba ya Martin Luther King Jr. ya tarehe 28 Agosti 1963 inafundishwa kwa maandishi pekee, na zoezi lake ni kuhesabu takriri, yaani marudio ya maneno, jambo linalogeuza uhakiki kuwa uhasibu. Sehemu maarufu ya “Nina ndoto” haikuwamo katika maandishi aliyoyaandaa kwa siku hiyo. Aliiingiza papo hapo jukwaani, mbele ya umati uliokuwa ukiitikia, na bila kuusikia umati huo mhakiki hawezi kueleza kwa nini marudio yale hayakuchosha. Mtihani wa mwisho, wa kuchagua majibu, nao unapima kumbukumbu ya istilahi tu.

Anayetaka kujifunza kuhutubia atafute kwingine, kwa kuwa hakuna zoezi hata moja la kuzungumza. Kwa mwandishi wa tahariri au mwamuzi wa midahalo ninaipendekeza, mradi atafute rekodi za hotuba hizo na kuzisikiliza mwenyewe.